Majembe ya Kopo la Maziwa

Kopo la maziwa ya unga lina bati zuri kuliko makopo yote ninayoyajua. La nyanya ni laini mno, ukiligonga linajikunja. La rangi limepakwa kitu kinachotoa moshi mbaya ukilichoma. La maziwa linakubali mkasi, linakubali tupa, na ukilipasha moto kidogo juu ya jiko la mkaa linapata weusi ule wa chuma kilichozoea kazi. Kwa hiyo majirani zangu wa Lyamkena, hapa Makambako, wenye watoto wachanga wananijua vizuri. Wengine huniletea makopo hadi mlangoni, wananiamkia kwa heshima zote, halafu wanauliza kile ambacho sipendi kuulizwa: "Mama, hivi vitu unavyotengeneza ni vya kazi gani?"

Ni vya kutazama. Jibu langu ni hilo na silirefushi. Watu hutundika picha ya ziwa ukutani na hakuna anayewauliza kama wanavua samaki humo.

Natengeneza zana ndogo. Jembe linalokaa juu ya ukucha wa kidole gumba, shoka lenye mpini uliochongwa kutoka kijiti cha mshikaki, msumeno wenye meno ambayo lazima uyatafute kwa miwani. Nilianza baada ya kustaafu uuguzi, mwaka ambao usharika wetu uliniomba nitengeneze zizi la Krismasi la kuweka karibu na madhabahu. Zizi lilikwisha haraka. Nikaona sanamu ya seremala imesimama pale mikono mitupu, nikasema huyu mtu anaishi kwa kazi gani? Nikamtengenezea nyundo. Baada ya nyundo randa, baada ya randa patasi, na Krismasi ilipopita mimi nikaendelea. Fuawe yangu ni pasi ya mkaa ya zamani niliyoigeuza chini juu. Vingine ni kibano, tupa ya kucha, spoki za baiskeli, sindano kubwa za kushonea magunia. Kipimo changu hakibadiliki: sentimita moja kwangu ni sentimita kumi na mbili za kweli.

Mume wangu, ambaye maisha yake yote ya kazi aliyatumia relini, huniita fundi wa sisimizi. Akikanyaga kitu sakafuni husema, "Nimeua shamba zima." Lakini ndiye aliyenitengenezea meza karibu na dirisha, na ndiye anayelifunga dirisha hilo upepo wa Makambako unapoanza, maana upepo huu ukiingia ndani unabeba kazi ya wiki nzima na kuipeleka chini ya kabati.

Basi, mama yangu mzazi aliletwa kwetu.

Aliletwa kutoka Mawengi, kule milimani Ludewa, alikozaliwa, akaolewa na kuzeeka. Alianguka shambani, akapelekwa hospitali Ilembula. Mguu ulioumia ulipona, ila walipompima waligundua moyo wake umechoka. Daktari alinieleza kwa lugha yetu ya kazini, na mimi sikuhitaji mkalimani. Asipande vilima. Asibebe mizigo. Asilime, hata kidogo. Akitulia anaweza kukaa nasi muda mrefu tu. Asipotulia, basi. Nilimleta Lyamkena siku hiyohiyo, nikampa chumba kinachopata jua la asubuhi, na nikajiapiza kwamba mgonjwa huyu simpotezi.

Mgonjwa mwenyewe hakuwa na shida na chakula wala dawa. Shida yake ilikuwa viatu. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto wa chai, alikuwa ameshavaa viatu, amefunga kitenge na rozari yake katika kifurushi, na amekaa kwenye benchi la nje akitazama barabara. Mchana namwambia mama, ingia ndani, upepo utakuumiza. Anaingia. Kesho yake yupo palepale, na kifurushi mapajani. Hakulalamika hata mara moja. Angelalamika ningemjibu, maana kwa kujibu sijambo. Lakini utamjibu nini mtu aliyevaa viatu tu?

Mara moja uvumilivu ulinishinda. Nikamwambia kwa sauti ambayo jirani aliisikia, "Mama, Mawengi kuna nini? Nyumba ina ubaridi wa kaburi. Yupo wifi yangu tu, naye ana kazi zake. Hapa una kila kitu!"

Akanitazama kwa upole ulioniudhi zaidi. "Hapa una kila kitu wewe," alisema. "Mimi zana zangu ziko kule."

Hapo ndipo wazo liliponijia, na nilijiona mwerevu sana. Kama anaililia nyumba yake, nitamjengea. Nitaijenga nyumba ya Mawengi juu ya meza, pamoja na jiko la nje, mteremko wa shamba na zana zake zote, aitazame akiwa amekaa kwenye kiti na miguu imefunikwa blanketi. Nimeona hospitalini jinsi mgonjwa anavyotulia akiwekewa karibu kitu cha kwao. Nilimweleza mume wangu. Akafikiri kidogo, akasema, "Jaribu." Ni mtu wa maneno machache, na hilo moja nililichukua kuwa baraka kamili.

Nyumba haikuniumiza kichwa. Kuta nilizifanya kwa udongo uliochanganywa na gundi, bati nikalikunja mikunjo juu ya spoki. Mama alipita karibu na meza akiwa na viatu vyake, akaiangalia kama mtu anavyoangalia nyumba ya jirani, akaenda kwenye benchi.

Kisha nikatengeneza jembe.

Nililifanya kama majembe ya dukani ya siku hizi, yenye tundu la kuingizia mpini. Nililiweka kiganjani mwake. Alilisogeza karibu na jicho, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu uso wake ulichangamka.

"Hili si langu," alisema. "Langu lina mkia."

Nilikuwa nimesahau. Jembe la mama lilikuwa la zamani, lile ambalo nyuma ya bapa lina mkia mrefu uliochongoka. Mpini wake una kichwa kinene, kama rungu, na mkia hupita ndani ya kichwa hicho. Nikakata jingine, lenye mkia. Nikatoboa kijiti kwa sindano, nikatia gundi, nikapachika. Mama akalishika kwa kidole na gumba, akaligonga kidogo juu ya meza. Bapa likachomoka.

"Umelibandika," alisema, kwa mshangao wa kweli. "Nani anabandika jembe?" Akaanza kunieleza, na alipokuwa akieleza aliingia kwenye Kipangwa bila kujua, nami nikamfuata kwa shida kwa sababu Kipangwa changu kimechanganyika na Kibena cha ukweni. Mkia unatiwa motoni mpaka uwe mwekundu. Unausukuma kwenye kichwa cha mpini, unaunguza njia yake wenyewe, unautoa, unaurudisha motoni, unausukuma tena. Tundu linalotokea ni la mkia ule na si la mwingine. Halafu kila ukilima, kila pigo linaukaza zaidi.

Tulifanya hivyo. Nilishika bati kwa kibano juu ya mkaa, nikasukuma mkia ndani ya kijiti, na moshi mwembamba ukatoka wenye harufu ya jikoni kwetu, kule milimani. Mama alivuta pumzi ndefu. Nilipolipiga jembe lile juu ya meza, halikutoka.

"Bado," alisema. "Hilo ni jembe la mtu wa tambarare."

Nikamuuliza ana maana gani. Akauchukua mkono wangu, akaunyoosha kama mteremko, akanionyesha. Shamba letu limelala upande. Ukilima umesimama upande, na pembe moja ya jembe ndiyo inayotangulia kuingia, miaka nenda rudi, hadi pembe hiyo inaisha na jembe linabaki limeinama kama mtu mwenye bega moja chini. Nilichukua tupa ya kucha nikaipunguza pembe ya kushoto polepole, naye akichungulia juu ya bega langu akisema ongeza, ongeza, hapo basi. Nililipaka siki na chumvi lipate kutu kidogo nyuma, mbele nikaling'arisha kwa msasa laini. Mama alilipokea. Alilikalisha kwenye kiganja, akafunga ngumi.

Asubuhi iliyofuata hakuvaa viatu.

Ninaeleza hili kama jambo dogo, lakini nilipomwona mezani peku, akinywa chai, nilikwenda jikoni nikasimama nyuma ya mlango nikacheka peke yangu kwa furaha. Kifurushi kilikuwa kitandani, kimefunguliwa. Nikamwambia mume wangu tumeshinda. Akauliza, "Tumemshinda nani?" Nikamwambia asiniharibie siku.

Zikafuata wiki nzuri kuliko zote nilizokaa na mama yangu tangu niwe mtu mzima. Nasema ukweli. Tulikuwa wawili kwenye ile meza, yeye na miwani yangu ya akiba, mimi na kibano. Tulitengeneza nyengo, lile panga la kwetu lenye mdomo uliopinda na mpini mrefu, la kufyekea vichaka. Alinirudisha nyuma mara nyingi kwa ajili ya ule mpindo, maana mpindo ukizidi unavuta miguu yako mwenyewe. Tulitengeneza mundu. Tulitengeneza shoka, akakataa mpini wa mshikaki, akaniambia mpini wa shoka haunyooki kama fimbo ya mchungaji, una tumbo. Kila zana ilikuja na habari zake. Kwenye shoka alinisimulia alivyopasua kuni akiwa na mimba yangu, na uchungu ukamkuta hapohapo, akamaliza kwanza gogo lililobaki. Kwenye mundu alinionyesha kovu ambalo nimeliona maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza. Nilimpima mapigo ya moyo, yalikuwa yametulia. Tulipokwenda kwa daktari Ilembula alisema chochote unachomfanyia, endelea. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Mara kwa mara aliniuliza, "Baada ya hii inafuata ipi?" Nikimwambia, alitikisa kichwa kukubali, na mimi nilidhani ni hamu ya kazi.

Ya mwisho ilikuwa kinu na mchi. Nilikichimba kinu kwa ncha ya kisu kwenye kipande cha mti wa mwati, nikakiweka mlangoni pa jiko dogo. Mama aliizunguka meza yote. Alikagua zana moja moja, akalisogeza jembe kidogo likaegemea ukuta upande ambao yeye huliegemeza. Akasema, "Zimetimia." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuinama kidogo, jinsi mtu anavyopokea kitu kikubwa. Nilijisikia nimebarikiwa.

Kesho yake nilipotoka chumbani nilimkuta sebuleni, amevaa viatu. Kifurushi kimefungwa. Amevaa kitenge chake kizuri na kilemba, na mume wangu amesimama mbele yake na uso wa mtu asiyejua aweke wapi mikono, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anamuaga rasmi.

"Baba, nashukuru," alikuwa akimwambia. "Umenilisha, umenivumilia. Na mke wako amenifungia safari vizuri. Sina kinyongo."

Nikauliza safari gani. Nadhani nilipiga kelele.

Mama akanigeukia, naye alikuwa ameshangaa kweli. "Si umenitengenezea zana?"

"Nimekutengenezea uzitazame! Uzitazame hapa!"

"Mwanangu," alisema, "wewe ulipoondoka kwangu kwenda kuolewa, nani alikwambia nenda?"

Nikatafuta jibu, na kabla ya kulipata nilianza kuona nilichokifanya. Hakuna aliyeniambia nenda. Kwetu, upande ule wa milimani, mzazi hamtamkii mtoto neno hilo, linaonekana kama kumfukuza. Baba alianza kuchonga mpini wa jembe uani, nikiwa namwona. Siku nyingine nyengo, siku nyingine mundu, siku nyingine shoka. Mama akaleta kinu na mchi. Kila kitu kilitengenezwa mbele ya macho yangu, jembe likitangulia na kinu kikifunga, na kilipokuwa tayari kila mtu nyumbani alijua kwamba asubuhi ya pili yake sitakuwepo. Ndivyo tulivyopewa ruhusa wasichana wote wa kwetu. Nami, mtu niliyeondoka nyumbani kwa njia hiyohiyo, nilikaa na mama yangu wiki baada ya wiki nikimtengenezea jembe, nyengo, mundu, shoka, kinu, kwa mpangilio uleule, nikidhani namfunga kwenye kiti.

"Ndiyo maana niliacha kuvaa viatu," alisema. "Mtu anayeandaliwa safari hana haraka."

Nilikasirika. Wala sitajipamba, nilikasirika sana. Nilimwambia kwamba mimi si mzazi wake, kwamba vile ni vitu vya kuchezea, kwamba ana umri wa kujua tofauti. Akaniambia tofauti anaijua, hajachanganyikiwa, ndiyo maana vile vidogo ameviacha mezani na wala havimo kwenye kifurushi. Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia kwa utaratibu, kama nilivyowaambia wengi nilipokuwa kazini, nikitumia maneno yasiyo na kona: moyo wako haumudu vilima vile. Ukienda utashika jembe, nakujua. Ukishika jembe utakufa.

"Najua," alisema. "Na wewe ulipoondoka nilijua unaenda kuzaa, na dada yangu alikufa akizaa. Usiku nililia. Asubuhi nilikupa mchi."

Mume wangu, ambaye kwa kawaida huondoka wanawake wakianza kuvutana, alikuwa bado amesimama palepale. Akakohoa. "Nimwombe jirani gari," aliniuliza, "au tusubiri kesho?" Nilitamani kumrushia kitu. Alikuwa ananiuliza mimi. Wote wawili walikuwa wananisubiri mimi, kwa sababu ruhusa ilikuwa imetoka mikononi mwangu, na mikono yangu tu ndiyo ingeweza kuirudisha. Nilimtazama mama. Kama ningesema hapana, angevua kilemba, angeingia chumbani, na angeishi. Angekaa kwenye benchi lile na viatu vyake mpaka moyo usimame wenyewe, na mimi ningeandika mapigo yake kila jioni na kujisifu.

Nikasema, "Kamwombe."

Njombe tulipita ukungu haujainuka. Mama alikaa mbele, kando ya dereva, akitaja mashamba ya watu tuliyoyapita na kulaumu namna yalivyolimwa. Baada ya hapo barabara ilianza kupanda na kujikunja, naye akanyamaza, na mimi nyuma yake nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa kutazama mabega. Nilikuwa na mfuko mzima wa dawa mapajani. Wifi yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, alitupokea kwa vigelegele, na nilipomvuta pembeni kumfundisha dawa ipi ni ya asubuhi na ipi ya jioni, alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Wifi, nitampa zote. Lakini jembe sitamnyang'anya. Nikimnyang'anya atalima kwa mikono."

Nililala pale, kitanda kimoja na mama. Asubuhi nilinyoosha mkono kitandani nikakuta ubaridi. Nikatoka nje mbio, na blanketi mabegani.

Alikuwa kwenye mteremko, chini ya jiko. Alikuwa analima. Anapiga mara chache, anaegemea mpini, anapumua, anapiga tena. Udongo ulikuwa mweusi nyuma yake, kipande kisichozidi mkeka. Nilisimama kwenye kinjia cha juu yake na uuguzi wangu wote ukiniambia nishuke nimkamate. Nilishuka, ila sikumkamata. Nikamwambia mama, gari linanisubiri.

"Nenda, mama," alisema. "Mumeo asile kiporo." Hakusimama wala hakugeuka. Alikuwa amekipata kisiki cha mzizi na alikuwa anakizunguka.

Nikabaki nimesimama nikiutazama mgongo wake, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini nilikuwa nimeusahau. Ukiacha pale benchini, miezi yote aliyokaa kwangu hakuwahi kunipa mgongo. Popote nilipokuwa, jikoni, mezani, uani, alikuwa amenielekea, ananifuata kwa macho, tayari kuinuka nikitaka anipishe. Nilidhani ni upendo, na labda ulikuwemo. Lakini ndivyo mgeni anavyokaa nyumbani kwa mtu. Nililia kutoka Mawengi mpaka karibu na Njombe, na dereva, kijana wa watu, aliongeza sauti ya redio ili asinisikie.